Mangi Rindi

Mangi Rindi (anajulikana pia kwa jina la Mandara, alifariki mwaka 1891) alikuwa mtawala wa Wachagga wa Moshi, kwenye miteremko ya kusini ya mlima Kilimanjaro, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Anakumbukwa kama mtawala aliyeifanya milki ndogo yenye wapiganaji wachache iogopwe katika sehemu kubwa ya mlima. Alifanya hivyo kwa kuongeza nguvu za watu wengine juu ya nguvu zake: wapiganaji wa Waarusha, wafanyabiashara wa pwani, Sultani wa Zanzibar, wamisionari Waingereza na mwishowe Wajerumani. Mwanawe na mrithi wake alikuwa Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900.

Moshi ya Rindi haikuwa mji wa Moshi wa leo. Makao yake yalikuwa juu mlimani, katika eneo ambalo sasa linaitwa Old Moshi. Mji wa sasa, pamoja na kata zake za tambarare kama vile Pasua, Njoro na Bomambuzi, ulikua baadaye chini ya mlima, hasa baada ya reli kutoka Tanga kufika huko mwaka 1911. Mji huo ulichukua jina la milki iliyokuwa juu yake, na kwa njia hiyo wakazi wake wengi hutumia kila siku jina la nchi ya Rindi bila kuifikiria.

Nchi na watu wake

Katika karne ya 19 Kilimanjaro haikuwa na mtawala mmoja. Wachagga waliishi katika milki nyingi ndogo, kila moja ikiwa na mtawala wake aliyeitwa mangi. Mipaka ilikuwa mara nyingi mito na makorongo marefu yanayoshuka kutoka msituni kuelekea tambarare. Kutoka magharibi kwenda mashariki kulikuwa na Siha, Machame, Kibosho, Uru, Mbokomu, Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mamba na nyingine zaidi hadi Rombo na Useri.

Kila familia ilikuwa na kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba na kurithiwa ndani ya ukoo. Maji yaliletwa kwa mifereji iliyochimbwa kando ya vilima. Ng'ombe walifungwa ndani na kukatiwa majani. Maisha hayo yaliweza kulisha watu wengi katika eneo dogo, lakini ukubwa wa milki ulikuwa na kikomo. Juu kulikuwa na msitu na baridi. Chini kulikuwa na tambarare kavu yenye homa na hatari ya kushambuliwa na Wamasai. Kwa pande mbili kulikuwa na majirani. Mangi aliyetaka watu zaidi au ng'ombe zaidi ilimbidi awapate kwa jirani.

Moshi haikuwa kati ya milki kubwa zaidi. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilimanjaro mwaka 1848, akiwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji yake, alikwenda Kilema na baadaye Machame kwa Mangi Mamkinga. Machame ilikuwa nchi yenye nguvu katika upande wa magharibi. Baadaye nguvu upande huo zilihamia Kibosho. Moshi ilikuwa katikati, ikiwa na nchi nyembamba na majirani pande zote.

Jinsi jeshi la mangi lilivyoundwa

Ili kuelewa kazi ya Rindi inafaa kujua jeshi la Wachagga lilikuwa la namna gani. Hakukuwa na askari wa kulipwa. Wapiganaji walikuwa vijana wa milki yenyewe, waliopangwa kwa rika. Rika lilikuwa kundi la wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja na kupewa jina lao, kwa idhini ya mangi. Rika la vijana lilikuwa mbele vitani. Marika yaliyotangulia yalibaki kama akiba na walinzi wa nyumba, na wazee walitoa shauri.

Silaha zao zilikuwa mkuki, sime na ngao ya ngozi. Chuma kililetwa kutoka Upare, hasa Ugweno, na wahunzi wa mlimani walikifua kuwa mikuki na vifaa vya kilimo. Wahunzi wa Mamba walijulikana hasa kwa kazi hiyo.

Mpango huu ulikuwa na faida zake. Vijana wa rika moja walijuana tangu utoto na hawakuachana kwa urahisi vitani. Lakini uliweka pia kikomo ambacho mangi hakuweza kukivuka kwa amri tu. Idadi ya wapiganaji ilitegemea idadi ya wavulana waliozaliwa miaka ishirini hivi iliyopita. Mangi aliyepoteza vijana wengi katika vita moja hakuweza kuwajaza mwaka uliofuata. Ilibidi asubiri rika jingine likue. Vilevile kila mpiganaji alikuwa mkulima. Mifereji ilihitaji kusafishwa, migomba kutunzwa na ng'ombe kukatiwa majani, kwa hiyo jeshi halikuweza kukaa mbali kwa muda mrefu. Tena sehemu ya wapiganaji ilipaswa kubaki nyumbani daima, kwa sababu jirani akijua kwamba vijana wametoka angeweza kuja kuchukua ng'ombe na wanawake.

Kwa sababu hizo vita vya Kilimanjaro vilikuwa kwa kawaida mashambulizi mafupi. Kundi lilivuka korongo, likachoma nyumba, likakata migomba, likachukua ng'ombe na mateka, likarudi. Upande wa pili watu walikimbilia msituni au katika mapango na mahandaki waliyochimba. Mangi aliyeshinda aligawa ng'ombe kwa wapiganaji na kwa wakuu wake, na hivyo akawafunga kwake. Mangi asiyeshinda hakuwa na cha kugawa.

Utawala wa Rindi

Rindi alishika utawala akiwa bado kijana na alitawala kwa muda mrefu. Watu wa pwani walimwita Mandara, na jina hilo ndilo liliingia katika vitabu vya wasafiri wa Ulaya. Wageni waliomwona walimweleza kuwa mtu mwenye akili kali na maneno mazuri, aliyepoteza jicho moja, na aliyezungumza Kiswahili vizuri. Ujuzi wa Kiswahili ulikuwa na maana kubwa. Rindi aliweza kuzungumza na viongozi wa misafara bila mkalimani, na kupata habari za Zanzibar, Mombasa na Pangani mapema kuliko wamangi wengine.

Siasa yake yote inaweza kuelezwa kutokana na hali ya nchi yake. Hakuweza kuongeza wana wa Moshi kwa haraka. Basi alitafuta wapiganaji wasio wa Moshi, na silaha zilizomwezesha mpiganaji mmoja kufanya kazi ya wawili.

Muungano na Waarusha

Washirika wake wakuu vitani walikuwa Waarusha wa mlima Meru, wanaosema lugha ya Kimaa na waliosifiwa kwa ukali wao vitani. Rindi alifanya mapatano nao, na wapiganaji wao walitoka pamoja na vijana wa Moshi kushambulia milki nyingine za Kilimanjaro. Moshi ilitoa njia, ujuzi wa nchi na habari za adui. Waarusha walitoa watu. Ng'ombe waliotekwa waligawanywa.

Kwa njia hiyo Rindi aliweza kupeleka vitani kundi kubwa kuliko lile ambalo vihamba vyake vingeweza kulitoa, na vifo havikuwaangukia watu wake peke yao. Jina lake likaogopwa hadi milki za mashariki. Lakini muungano huo ulikuwa na bei. Washirika walikuja kwa ajili ya mali, na ilibidi kila mara iwepo nchi ya kuteka ili wapate fungu lao. Amani ya muda mrefu ingeuvunja muungano. Milki ndogo za jirani ndizo zilizolipa bei hiyo kwa nyumba zilizochomwa na watu waliochukuliwa.

Misafara na bunduki

Njia ya pili ilikuwa biashara. Misafara kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilipita chini ya Kilimanjaro ikitafuta pembe za ndovu, na ilihitaji chakula, maji na usalama. Taveta, katika msitu upande wa kusini-mashariki wa mlima, ilikuwa kituo chao kikubwa. Rindi alifanya Moshi iwe kituo kingine. Waswahili kadhaa walikaa karibu na makao yake, wakafanya kazi kama makarani, mafundi na wajumbe.

Misafara ilileta nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Ilichukua pembe za ndovu na pia watumwa. Mateka wa vita vya Rindi waliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani, jambo ambalo haliwezi kutenganishwa na sifa yake ya ushujaa. Kila shambulio lililofanikiwa lilileta mateka, mateka walileta bunduki, na bunduki zilisaidia shambulio lililofuata.

Bunduki nyingi zilizofika Kilimanjaro wakati huo zilikuwa magobore ya kujazwa kwa mdomo. Zilitisha, lakini zilitegemea baruti na risasi kutoka pwani. Mkuki ulifuliwa mlimani. Baruti haikuweza kutengenezwa huko. Mangi mwenye bunduki nyingi alikuwa na nguvu kwa kadiri njia ya pwani ilivyobaki wazi. Kwa hiyo kila alipopata bunduki Rindi alizidi kuwategemea watu wa nje, na alizidi kuhitaji kuwa rafiki wa yeyote aliyeshika njia ile.

Wageni kutoka Ulaya

Mwaka 1862 Mjerumani Karl Klaus von der Decken alifika Moshi pamoja na Otto Kersten katika safari ya kujaribu kupanda mlima. Mwaka 1871 alikuja mmisionari Mwingereza Charles New kutoka Ribe karibu na Mombasa. Rindi alimpokea, na New akapanda hadi kwenye theluji. Aliporudi mara ya pili mambo yalikuwa mabaya: Rindi alimnyang'anya mali zake. New aliondoka akiwa mgonjwa, akafariki njiani kuelekea pwani mwaka 1875. Habari hiyo ilimpa Rindi jina baya kati ya Waingereza kwa miaka mingi.

Hata hivyo wageni waliendelea kuja. Joseph Thomson alipita mwaka 1883 akielekea Umasaini. Mwaka 1884 Harry Johnston alifika kuchunguza mimea na wanyama, akapewa mahali pa kukaa katika nchi ya Moshi. Baada ya miezi michache yeye na Rindi walikosana, na Johnston alihamia kwa Mangi Marealle wa Marangu. Mfano huo unaonyesha jinsi wamangi walivyowatazama wageni. Mzungu aliyekaa kwa mangi mmoja alikuwa mali yake ya kisiasa: alileta zawadi na bunduki, na uwepo wake uliwafanya maadui wasite. Akihamia kwa jirani, faida hiyo ilihama naye.

Mikataba ya mwaka 1885

Mwaka 1885 ulikuwa mwaka wa mashindano makubwa. Mnamo Machi askofu James Hannington wa shirika la wamisionari wa Kanisa la Uingereza alimtembelea Rindi, na katika mwaka huohuo wamisionari wa shirika hilo walianza kituo Moshi. Rindi aliwakubali, ingawa alitaka zaidi silaha na mafundi kuliko mahubiri.

Wakati huohuo Sultani Barghash wa Zanzibar, akiona kwamba Wajerumani wanafanya mikataba bara, alimtuma jenerali wake Mwingereza Lloyd Mathews pamoja na askari kwenda Kilimanjaro. Rindi na wamangi wengine walitangaza kwamba wako chini ya Sultani, na bendera yake ikapandishwa. Muda mfupi baadaye, mnamo Juni, alifika Karl Jühlke, mjumbe wa kampuni ya Wajerumani iliyoongozwa na Carl Peters. Rindi aliweka mkataba naye pia.

Wengine walimwona kuwa kigeugeu. Kwa mtazamo wa Moshi hesabu ilikuwa nyingine. Sultani alishika njia ya baruti. Wamisionari walikuwa njia ya kuwafikia Waingereza. Wajerumani walikuwa wageni wapya, wachache, ambao wangeweza kutumiwa dhidi ya maadui wa karibu. Bendera haikumgharimu mpiganaji hata mmoja, na Rindi alizikusanya kama alivyokusanya washirika wengine. Jambo ambalo hakuweza kulizuia ni kwamba huko Ulaya karatasi hizo zilihesabiwa kwa namna tofauti kabisa. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuhusu mpaka, na Kilimanjaro ikawekwa upande wa Ujerumani bila mangi yeyote kuulizwa.

Mwaka 1889 Rindi alituma wajumbe wake Ulaya pamoja na msafiri Mjerumani Otto Ehlers. Walifika Berlin na kupokewa na Kaisari Wilhelm II, kisha wakarudi na zawadi. Kwa wajumbe hao Rindi aliweza kupata habari za Ujerumani kutoka kwa watu wake mwenyewe walioiona kwa macho.

Ushindani na Sina wa Kibosho

Adui mkuu wa Rindi alikuwa Mangi Sina wa Kibosho. Sina alikuwa amejenga jeshi lenye nguvu, na makao yake yalizungukwa na ngome ya mawe iliyokuwa maarufu mlimani kote. Kati ya Kibosho na Moshi kulikuwa na Uru na Mbokomu, ambazo ziliumia mara kwa mara kutokana na ushindani wa hao wawili.

Sina alimzidi Rindi kwa nguvu za nchi yake mwenyewe. Rindi alimzidi Sina kwa marafiki wa mbali. Sina hakukubali mamlaka ya Wajerumani, na Rindi aliona nafasi yake.

Baada ya Wajerumani kushinda vita vya Abushiri huko pwani (1888-1889), kiongozi wao Hermann von Wissmann alikuwa na jeshi la maaskari wa kulipwa, wengi wao Wasudani na watu kutoka Msumbiji, wenye bunduki za kisasa na mizinga. Mnamo Februari 1891 alipanda Kilimanjaro na kuishambulia Kibosho. Wapiganaji wa Rindi walikwenda pamoja naye. Watu wa Kibosho walipigana kwa ukali ndani ya ngome yao, lakini ngome ilianguka na Sina akalazimika kuomba amani. Kibosho ilipoteza sehemu ya nchi iliyokuwa chini yake.

Kwa Rindi huu ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote. Adui ambaye hakuweza kumshinda kwa vijana wake wala kwa Waarusha alishindwa kwa nguvu ya watu wengine. Lakini wasaidizi hawa hawakuwa kama wale wa zamani. Waarusha walichukua ng'ombe wakarudi kwao Meru. Wafanyabiashara walichukua pembe wakarudi Pangani. Wajerumani hawakurudi. Waliweka kituo cha kijeshi Moshi, wakaanza kujiona wenye nchi. Jeshi lao halikutegemea rika la mahali wala mavuno ya kihamba. Maaskari walipokufa wengine waliandikwa pwani.

Kifo chake na yaliyomfuata

Rindi alifariki mwaka huohuo wa 1891. Hakuishi kuona matokeo ya siasa yake. Carl Peters, aliyekuwa amepewa madaraka ya Kilimanjaro kwa niaba ya serikali ya Ujerumani, alihamishia kituo Marangu kwa Mangi Marealle. Moshi, iliyokuwa rafiki wa kwanza wa Wajerumani, ikajikuta nje ya urafiki huo.

Mwanawe Meli alirithi nchi, vijana na bunduki za baba yake, lakini hakurithi marafiki wake. Ugomvi ulipotokea kati yake na kituo cha Marangu, ofisa von Bülow aliishambulia Moshi mnamo Juni 1892. Wapiganaji wa Meli walilishinda kundi lake na von Bülow akauawa. Ulikuwa ushindi wa ajabu: kwa siku moja vijana wa milki ndogo, wakipigana katika ardhi waliyoijua, walilishinda jeshi la kikoloni. Wajerumani waliwatuhumu wamisionari Waingereza wa Moshi kwamba waliwapatia watu wa Meli silaha, na mwaka huohuo wamisionari hao walilazimika kuhamia Taveta.

Mnamo Agosti 1893 gavana von Schele alirudi na jeshi kubwa zaidi na mizinga. Moshi ilishindwa, na kituo cha Wajerumani kikarudishwa huko. Tangu hapo Meli alitawala chini ya macho yao, huku Marealle akipewa mamlaka juu ya milki nyingi za mashariki. Mwaka 1900 Meli alituhumiwa kupanga uasi pamoja na wamangi na wakuu wengine. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa huko Old Moshi, wakiwemo Meli, Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Kwa hiyo mwana wa Rindi na mangi wa Kibosho, ambao nchi zao zilikuwa zimepigana kwa miaka mingi, walikufa pamoja mikononi mwa nguvu ileile ambayo Rindi aliileta Kibosho. Inasimuliwa kwamba kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na hadi karne ya 21 familia yake imeendelea kukitafuta.

Tathmini

Rindi ametathminiwa kwa namna tofauti. Wasafiri wengi wa Ulaya walimwita mwizi na mlaghai, hasa kwa sababu ya Charles New, lakini haohao walikubali kwamba hawakukutana na mtawala mwerevu zaidi yake mlimani. Kwa watu wa Moshi anabaki mangi aliyeikuza nchi yao. Kwa wazao wa watu wa milki alizozishambulia, jina lake linakumbusha nyumba zilizochomwa na ndugu waliouzwa pwani.

Swali gumu zaidi ni kama alikuwa na njia nyingine. Milki yenye vijana wachache kati ya majirani wenye nguvu ingeweza kumezwa kama ingetegemea marika yake tu. Rindi aliizuia isimezwe kwa miaka mingi. Kwa upande mwingine, kila nguvu aliyoiongeza ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa na shabaha yake. Waarusha, wafanyabiashara na Sultani walikuwa na shabaha ambazo Rindi aliweza kuzipima na kuzilipa. Shabaha ya Wajerumani ilikuwa nchi yenyewe. Wamangi wengine, akiwemo Marealle, walitumia njia hiyohiyo baada yake. Umoja wa milki za Kilimanjaro dhidi ya wageni haukupatikana, kwa kuwa kila mangi alimwogopa jirani wa korongo la pili kuliko mgeni wa ng'ambo.

Kumbukumbu

Jina lake la pwani limebaki katika kibanda cha Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapandaji wa Kilimanjaro wanaotumia njia ya Marangu, kwenye kimo cha takriban mita 2,700. Wakati wa Wajerumani kibanda cha mahali hapo kiliitwa kwa jina la Bismarck. Nchi yake ya zamani imegawanywa leo katika kata za Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi, katika wilaya ya Moshi Vijijini. Huko ndiko pia anakokumbukwa mwanawe Meli, ambaye umaarufu wake leo umezidi ule wa baba.